Mama na Perege wa Uani

Samaki wakikosa hewa hawapigi kelele, na pengine hilo ndilo lililonitisha. Asubuhi hiyo nilitoka mlango wa uani na kikombe changu cha chai, kama kila siku kabla ya kwenda kufundisha skuli, nikawakuta perege wetu wote wako juu ya maji. Vinywa vimetoka nje, vinafunguka na kufunga, vinafunguka na kufunga, na hakuna hata mmoja aliyekimbia kivuli changu. Wengine walikwishalala ubavu. Maji yalikuwa ya kijani kizito, na juu yake umekaa utando kama wa mchuzi uliolala.

Nilimpigia simu mume wangu. Yeye ndiye aliyelichimba bwawa lile nyuma ya nyumba yetu, hapa Tibirinzi, kabla hajahamishiwa kazi Unguja. Ni bwana shamba, na mambo ya namna hiyo anayapenda. Alilichimba yeye na ndugu zake wawili, wakalitandika turubai nene, kisha akaleta vifaranga vya perege kutoka kwa mtu wa Vitongoji, ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kanga yangu. Upande wa jikoni maji yalifika magotini, na upande wa migomba yalifika kifuani. Alipoondoka aliniachia samaki, polo, yaani gunia, la pumba za mpunga, na karatasi ya maelekezo aliyoibandika ukutani: asubuhi kopo moja, alasiri kopo moja, basi. Machicha ya nazi wasipewe, mafuta yake huharibu maji.

Kwenye simu aliniuliza nimewalisha nini. Nikamwambia wamelishwa alivyoagiza. Akasema haiwezekani, maji yanayooza namna hiyo yameozeshwa na chakula. Nitoe nusu ya maji, nitie mapya, na nikimimina nimimine kutoka juu ili yachukue hewa. Nikamwita wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye alikuwa akija kila siku kushinda na mama yangu nikiwa kazini. Tuliteka kwa ndoo mpaka mikono ikafa ganzi. Mama naye akatoka, akachukua kata, akawa anatusaidia kumimina, mkono ameunyanyua juu kabisa, taratibu, bila kuuliza kumetokea nini. Tulipomaliza nilitoa samaki kumi na tisa waliokufa. Skuli nilifika vipindi viwili vimekwishapita.

Jioni nilikwenda stoo kuangalia polo. Pumba za mwezi mzima zilibaki chini kabisa, kiasi cha kufunika kiganja.

Kwanza nilidhani kuna mwizi. Nikamfikiria jirani mwenye kuku, na nikafika hata kumfikiria wifi yangu, jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisema. Jumamosi sikutoka. Nilikalia mbuzi jikoni nikakuna nazi, na mlango wa uani nikauacha wazi kidogo ili nione kila anayepita.

Alitoka mama. Alichota kopo la pumba, akawanyunyizia samaki upande wa kina kifupi, akaosha mikono, akakaa kwenye kigoda chake. Akakaa kwa muda wa kusoma Yasini moja. Kisha akasimama, akayatazama maji, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Wano samaki hawajapewa kitu leo." Akaenda stoo, akachota kopo, akawalisha, akaosha mikono, akakaa. Mara ya tatu nilidhani ananifanyia mzaha. Mara ya nne mkono wangu ulisimama juu ya nazi. Huyu alikuwa mwanamke aliyejua watoto wa kila nyumba ya kijijini kwetu Wambaa, nani kamtangulia nani kuzaliwa, na mwaka gani mvua ilimkuta nani bado hajavuna. Sasa alikuwa anatoka stoo na kopo mkononi, uso umetulia, kama mtu ambaye siku ndiyo kwanza inamuanzia.

Nilikuwa nimemchukua kutoka Wambaa akae nami baada ya baba kufariki. Siku ya kwanza alipoliona bwawa alicheka mpaka akashika ubavu. Baba alikuwa mvuvi, na baba yake mama pia, na katika maisha yake yote hajawahi kumuona mtu anawapikia samaki chakula. "Kwetu samaki hutafutwa," aliniambia. "Kuno samaki hutafutiwa." Lakini haikupita wiki akawa ndiye anayewalisha. Alinikataza kuwagusa, alinifundisha hata namna ya kuita kwa kugonga kopo, na mimi nikashukuru kwamba amepata cha kumshughulisha. Sikujua kwamba siku zote hizo alikuwa anasahau mbele yangu, na kwamba samaki ndio waliokuwa wakila kusahau kwake.

Hospitali daktari alikuwa kijana mpole. Alimuuliza leo siku gani, tumo mwezi gani, ana watoto wangapi. Mama alijibu kwa adabu, kila jibu na dua yake. Watoto alisema wawili, nasi tuko watano. Kila alipokwama alinigeukia mimi, na macho yale nilikuwa nayajua. Ni macho ya mwanafunzi anayeomba mwenzake amnong'oneze jibu kabla mwalimu hajageuka. Nami nikayainamisha yangu chini, kwa sababu ningemtazama ningelia.

Daktari aliniambia nje kwamba ni maradhi ya ubongo, hakuna dawa ya kuurudisha uliokwenda, kubwa ni kumlinda. Akanitajia vya kumlinda navyo: moto, barabara, maji. Aliposema maji nililiona bwawa mbele yangu kama vile limo ndani ya chumba kile.

Kaka yangu mkubwa, anayekaa Wambaa, hakukubali. Alisema mama amechezewa, akataka kumpeleka kwa mganga amjuaye. Tukapatana aje shehe amsomee, na akaja, akamsomea vizuri, mama akaitikia amin kila mahali panapostahili. Shehe alipoondoka mama aliniuliza ni nani aliyefariki.

Mume wangu alisema bwawa lifukiwe. Hakubisha hata kidogo, ijapokuwa najua alivyolipenda. Katika kungoja aje, tukafunga mlango wa uani kwa kufuli. Siku ya kwanza mama aliugonga. Siku ya pili aliugonga mpaka viganja vikawa vyekundu, akakataa chakula, akamwambia wifi yangu kwamba kuna watu wamemfunga ndani na samaki wa mwanawe wanakufa njaa. Siku ya tatu hakugonga tena. Alikaa chini mbele ya mlango akiuegemea kwa bega, na hilo lilinishinda. Nikafungua. Akatoka, akagonga kopo lake, samaki wakaja, na uso wake ukarudi. Nikampigia mume wangu nikamwambia aache kwanza.

Basi nikaanza kuishi na hofu kama mtu anayeishi na mgeni asiyeaga. Pumba nilizificha juu ya kabati nikawa namuachia kopo moja tu. Ukingo wa turubai ulikuwa ukiota utelezi wa kijani, na kila Ijumaa niliusugua kwa brashi mpaka vidole vikachubuka. Nilipanga matofali pembeni, kisha nikayaondoa kwa kuogopa atajikwaa. Skuli nilikuwa nikifundisha jiografia, naandika ubaoni, na mtu akiangusha ndoo iliyojaa maji huko koridoni, chaki ilinitoka mkononi. Siku moja simu ilitetema mfukoni katikati ya somo na nikaona namba ya wifi yangu. Sikumbuki nilivyotoka darasani. Alitaka kujua nimeiweka wapi chumvi. Nilimjibu, nikakata simu, nikachutama nyuma ya ukuta wa choo cha walimu.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba nikiwa nyumbani hofu haikupungua. Mama alizoea kuinama sana, mkono mmoja gotini, mwingine unaonyesha maji, akiwahesabu. Nikimwambia, "Mama, rudi nyuma kidogo," alirudi, na nikigeuka alikuwa pale pale. Kuna siku niliwachukia samaki wale. Niliwatazama walivyonenepa, nikatamani asubuhi moja niwakute wote wamelala ubavu, mambo yaishe.

Ilikuwa Ramadhani, siku za mwisho mwisho, wakati mwili umekwishachoka. Wifi yangu alikwenda maziko ya jamaa yake, na mimi sikuwa na kipindi mchana, kwa hivyo nikarudi nyumbani kukaa na mama. Tuliswali Adhuhuri pamoja. Nikatandika mkeka ukumbini, kwenye njia ya kwenda uani, nikajilaza mimi upande wa mlango, ili akitaka kutoka anipite juu yangu na nisikie. Yeye akalala upande wa ukuta. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nilisahihisha matatu.

Kilichoniamsha ni adhana ya Alasiri. Nilifumbua macho, na kabla sijageuza shingo nilijua. Nyumba ilikuwa na ukimya wa nyumba isiyo na mtu. Mkeka upande wa ukuta ulikuwa mtupu. Alikuwa amenipita juu yangu, mama yangu mwenye magoti mabovu, na sikusikia.

Kandambili zake zilikuwa kwenye ukingo wa bwawa, upande wa jikoni. Kopo lilikuwa linaelea. Pumba zimetapakaa juu ya maji, nyingi, kama zilizomwagika kwa pamoja. Na kwenye utelezi wa turubai palikuwa na alama moja ndefu, iliyokwenda moja kwa moja majini.

Mimi sijui kuogelea. Watu hucheka nikisema, mtoto wa Wambaa hajui kuogelea, lakini wasichana wa rika langu pwani tulikwenda maji yakitoka tu, kutafuta chaza na pweza. Bahari ikirudi tulirudi nyumbani. Wala siku hiyo sikukumbuka kwamba sijui. Niliingia na nguo zangu zote na mtandio kichwani.

Maji yalikuwa ya moto juu na baridi chini. Hayakuonyesha kitu. Nikaanza kupapasa kwa mikono na kwa miguu, nikisogea upande wa kina. Samaki walinijia kwa kudhani nawalisha. Walinigonga mapajani, tumboni, kwenye vifundo vya mikono, na kila waliponigonga nilishtuka nikadhani ni vidole. Nilipofika maji kifuani mguu wangu ulikanyaga kitu laini kinachojikunja. Nikasimama. Sijui nilisimama muda gani. Nilikuwa naogopa kuinama, kwa sababu nikiinama nitajua, na naogopa kutoinama, kwa sababu kila pumzi ninayovuta mimi yeye haivuti. Nikashika pua, nikazama, nikakishika kwa mikono miwili nikakivuta. Lilikuwa ni kunjo la turubai.

Nikainuka na matope machoni. Nikaendelea kupapasa. Nilikuwa nikimwambia Mwenyezi Mungu maneno ambayo sitayaandika.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Weye nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, amekumbatia mfuko wa plastiki uliojaa pumba. Pembeni yake, amemshika mkono, alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, fundi cherehani, mama wa Kikristo aliyehamia kutoka bara na mumewe mwalimu.

"Mama," nilisema. "Mama, ni mimi."

"Mie sikujui," alisema. Alikuwa amekasirika kweli, uso wote umemkaza. "Toka humo. Unawakanyagia watu samaki wao. Mwanangu yuko skuli, akirudi akawakuta wamekufa nimwambie nini?"

Nilimtazama, yu hai, anapumua, ananigombeza, na nilitaka kucheka na kumkimbilia. Lakini alikuwa amerudi nyuma hatua moja na kumshika jirani kwa nguvu, na nikaona kwamba ananiogopa. Mtu mwenye matope, nywele zimemwagika, ametoka majini katika ua wa mwanawe. Siku zote hizo mimi nilikuwa na hofu yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba naye anayo yake.

"Samahani, bimkubwa," nikamwambia. "Natoka."

Nikatoka taratibu, upande wa mbali naye. Akaniangalia mpaka nikafika ukutani. Kisha akalainika, kama alivyokuwa akilainika kwetu zamani baada ya kutugombeza. "Mtu huomba, mwanangu," akaniambia. "Haingii tu." Kwa neno lile, mwanangu, alimwita kila mtu mdogo kwake, najua, halikuwa langu peke yangu. Hata hivyo nililipokea.

Jirani alimkalisha kwenye kigoda, akaja kwangu. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba alimuona kutoka barazani kwake, anakopigia cherehani. Mama alikuwa katikati ya barabara kubwa, anasimamisha magari na kuwauliza madereva wapi panauzwa chakula cha samaki. Gari ya mchanga ilifunga breki karibu yake sana. Jirani akakimbia, akamshika mkono, na kwa kuwa mama alikataa kurudi mikono mitupu, akaingia naye kwa mwenye mashine ya kukoboa wakapewa mfuko wa pumba. Alisema hayo yote akinifuta matope usoni kwa upindo wa kitenge chake. "Dada, mimi nipo pale kutwa," alisema. "Uniambie. Usikae na hili jambo peke yako."

Nilipomvua mama buibui alilovaa juu ya gauni ndipo nilipoona. Gauni lake lilikuwa limerowa mpaka kiunoni. Kwenye kiwiko palikuwa na utelezi wa kijani, na gotini pamechubuka. Alama ile kwenye turubai ilikuwa yake. Aliteleza, akaingia majini, na kwa rehema ya Mungu ulikuwa upande wa kina kifupi, akajitoa mwenyewe, akanipita tena, akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda zake kutafuta pumba badala ya zile zilizomwagika. Nami nilikuwa nimelala hatua kumi kutoka hapo. Nilimfunga kidonda, nikamvisha nguo kavu, vifungo vikanishinda, akavifunga yeye mwenyewe, akisema pole, pole, kama mimi ndiye mgonjwa.

Mume wangu alikuja na boti ya kesho yake. Hatukujadiliana sana. Aliagiza tangi la maji la plastiki lililokwisha kazi, akalikata nusu, akaliweka chini ya ukuta wa jikoni, akalifunika juu kwa wavu wa kuku na kuacha nafasi ya kupitisha mkono tu. Maji ndani yake yanafika magotini. Tukahamisha samaki thelathini. Waliobaki tuliwala Sikukuu, na bakuli moja kubwa likaenda kwa jirani fundi. Niliogopa mama atakataa kula, au atalia. Alikula vizuri, akasifu samaki kwamba wana mafuta, akauliza wamevuliwa wapi. Bwawa likafukiwa kwa siku mbili. Siku zile mama alikaa chumbani na wifi yangu, na alipotoka akaliona tangi, akagonga kopo kwenye ukingo wake kama aliyeligonga miaka yote.

Mlango wa mbele tuliupandishia komeo juu, asikolifikia. Nilidhani kulala kutanirudia. Kidogo kumerudi. Lakini hofu haikutoka na maji, imehama tu. Sasa naiogopa barabara, naogopa jiko, naogopa homa ndogo, na usiku nikiamka hutega sikio kwanza nisikie pumzi zake ndipo nigeuke upande wa pili.

Na kuna hofu nyingine ambayo sikuitarajia. Wiki iliyopita siku mbili zilipita mama hakuenda kwa samaki. Siku ya tatu nilimshika mkono nikampeleka. Akatazama kupitia kwenye wavu, akaniuliza hawa ni wa nani. Nikamwambia ni wako, mama. Akauliza wanakula nini. Nikachota pumba nikamtilia kiganjani, nikauongoza mkono wake kwenye ile nafasi, akaziachia. Samaki walipopanda kwa pamoja aliurudisha mkono haraka, akacheka kidogo kwa woga, akanitazama kama anayetaka kujua iwapo amefanya sawa. Nikamwambia amefanya sawa. Tukachota nyingine.